Kioo cha bafuni kilianguka usiku: safari hii nikifunge vipi?

*"Habari za kazi fundi. Naishi Kigamboni. Mwaka jana fundi alitubandikia kioo juu ya sinki la bafuni kwa silikoni, mabonge matano nyuma, bila skrubu hata moja. Bafu lilinuka siki kama siku mbili. Baada ya miezi michache kioo kikaanza kutoa madoa meusi ya duara, na wiki iliyopita kikaanguka saa nane usiku na kupasua sinki. Nashukuru Mungu watoto walikuwa wamelala. Nilipookota vipande niliona silikoni bado imeng'ang'ania mgongoni mwa kioo, na juu yake kuna magamba ya rangi ya ukuta. Nimeshanunua kingine: sentimita 60 kwa 90, unene milimita 5, hakina fremu wala matundu. Marumaru zetu zinaishia sentimita 120 kutoka sakafuni, juu yake ni plasta iliyopakwa rangi ya maji. Kuna taa ya ukutani juu ya sinki. Mume wangu anasema tutafute gundi kali zaidi, fundi anasema apige misumari ya zege, na jirani kanitisha kwamba marumaru zikitobolewa zinapasuka zote. Nimsikilize nani? Na hiki kipya nacho kitaota madoa?"*

Pole sana dada yangu, na afadhali ilikuwa usiku. Kioo cha kawaida hakivunjiki kwa punjepunje kama kile cha dirisha la pembeni la gari. Kinatoka vipande virefu vyenye ncha, na kikiangukia sinki vipande huruka hadi mlangoni. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Nyote watatu mmeanza na wazo moja, kwamba kilichoshindwa ni gundi. Mume wako anataka iliyo kali zaidi, fundi anataka chuma badala yake. Lakini wewe mwenyewe umeokota ushahidi sakafuni na umeueleza vizuri kuliko mafundi wengi. Silikoni ilibaki kwenye kioo, na juu ya silikoni kukabaki magamba ya rangi. Maana yake silikoni haikuachia kioo, na wala haikuachia rangi. Rangi ndiyo iliyoachia ukuta.

Rangi ya maji ni ngozi nyembamba sana. Imetengenezwa kupamba, haikutengenezwa kubeba. Chini yake mara nyingi kuna skimu, ule unga mweupe wa kulainisha ukuta, na unga wa jipsamu ukila unyevu wa bafuni unakuwa laini kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Sasa piga hesabu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Chako ni mita za mraba 0.54 kwa milimita 5, kwa hiyo ni karibu kilo 7. Kilo 7 zilikuwa zinavuta ngozi ile ya rangi mchana na usiku, miezi na miezi, wala hazikuwa na haraka. Hata ungebandika kwa gundi yenye nguvu mara kumi, ingetoka na rangi ileile. Mwambie shemeji kwamba gundi haiwezi kushika kuliko kile ilichobandikwa juu yake.

Tepu za kubandika pande mbili nazo ni hivyohivyo. Kwenye marumaru safi na kavu zinaweza kushika kioo kidogo chepesi cha kunyolea. Kwenye rangi, na kwa kilo 7, usithubutu. Gundi yake ni laini, na ikibeba uzito mfululizo kwenye joto letu inatambaa kidogo kidogo kuelekea chini hadi siku inapoachia.

Madoa ya duara nayo yana maelezo, na wewe umeyataja bila kujua: ile harufu ya siki. Zipo silikoni ambazo zikiwa zinakauka hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo kwenye siki. Ni nzuri kwa kuziba pembeni mwa sinki au vioo vya madirisha. Mgongoni mwa kioo cha kujitazamia ni sumu. Kinachokufanya ujione ni utando mwembamba mno wa fedha uliopakwa nyuma ya kioo, kisha ukafunikwa kwa rangi ya kuulinda. Asidi inapenya rangi ile, inaila fedha, na pale ilipoliwa unaona weusi. Mabonge matano, madoa matano. Zaidi ya hapo, asidi hiyo haipatani na saruji, kwa hiyo hata kama fundi angekwangua rangi akabandika juu ya plasta tupu, mshiko wake usingeaminika.

Halafu kuna suala la mabonge yenyewe. Silikoni inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani, na inaanzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu hivi kwa siku. Bonge nene likigandamizwa kati ya kioo na ukuta linaziba hewa lenyewe, katikati linabaki bichi kwa siku nyingi. Ukihitaji silikoni, nunua ile ambayo kwenye bomba lake pameandikwa "neutral", na ambayo maelezo yake yanasema inafaa kwa vioo vya kujitazamia. Ile haina harufu ya siki. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kanuni ninayoifuata kwenye kila kioo kizito ni moja: kioo kikae juu ya kitu, kisining'inie. Kichukulie kama kabati. Uzito wote unashuka kwenye tegemeo la chini lililofungwa ukutani kwa skrubu, vishikio vya juu kazi yake ni kukizuia kisiiname mbele, na silikoni, kama ipo, ni msaidizi wa kuzuia mtikisiko tu. Ukipanga hivyo, hata silikoni ikifa yote kioo hakiendi popote.

Sasa misumari ya zege. Sishangai fundi kuitaja, maana inaingia haraka na haihitaji umeme. Lakini plasta ya nyumba zetu ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na nyingi ina mchanga mwingi kuliko saruji. Msumari unapogongwa unaivunjavunja plasta pembeni yake, na ukipata mshiko ndani ya tofali ni kwa bahati. Leo unaonekana imara, baada ya muda ukiushika kwa vidole unacheza. Na huko Kigamboni mna upepo wa bahari, chumvi yake haisubiri mwaka kuanza kula chuma cha kawaida. Simpendi pia yule fundi anayetoboa shimo kisha akalijaza kijiti cha mbao ndipo apige skrubu. Mbao ya bafuni inavimba ikilowa, inasinyaa ikikauka, na mwishowe inaoza au mchwa wanaikuta.

Kinachofaa ni fisha ya plastiki na skrubu ya stenlisi. Fisha inafanya kazi kwa kutanuka: skrubu ikiingia, plastiki inasukumwa pembeni na kubana kuta za shimo. Kwa hiyo inategemea kabisa ugumu wa kile ilichomo. Ikiishia kwenye plasta, inatanukia mchanga. Lazima ivuke plasta ikae ndani ya tofali lenyewe. Kwa kazi yako chukua fisha za milimita 8, skrubu za milimita 5 zenye urefu wa sentimita 6 au zaidi, na toboa shimo lenye kina cha kama sentimita 7. Wakati wa kutoboa tazama vumbi. Mwanzoni litatoka la mchanga na drili itaingia kirahisi, hiyo ni plasta. Kisha utahisi drili inagoma, na vumbi linabadilika: la kijivu na gumu kama ni tofali la saruji, jekundu kama ni tofali la kuchoma. Hapo ndipo umefika. Kama drili imeingia hadi mwisho bila kugoma popote, shimo hilo si la kutegemea, sogea pembeni. Na kama vumbi linatoka likiwa tope, simama. Ama ukuta una maji au uko karibu na bomba.

Jirani yako ana ukweli nusu. Marumaru hupasuka, ila anayezipasua si tundu bali namna ya kutoboa. Kosa la kwanza ni kuwasha ile sehemu ya drili ya kugonga wakati biti bado iko kwenye marumaru. Izime. Bandika selotepu ya karatasi mahali pa tundu ili biti isiteleze, anza taratibu, tumia biti ya marumaru yenye ncha ya mkuki, na kwa zile ngumu za poslini tumia ya almasi huku ukiipoza kwa maji, drili ya waya usiiloweshe. Ukishavuka marumaru badilisha biti, weka ya ukuta, ndipo uruhusu kugonga. Kosa la pili halisemwi sana: fundi anaiacha fisha ikiwa imefika usawa wa uso wa marumaru. Akikaza skrubu, fisha inatanukia ndani ya marumaru na kuipasua, pengine siku hiyohiyo, pengine baada ya wiki. Isukume hadi ipite marumaru yote. Usitoboe karibu na ukingo wa kipande, na kabla ya yote gonga kwa sarafu. Kipande kinachotoa sauti ya uwazi hakikushikwa vizuri nyuma, kitakukatikia mkononi.

Lakini wewe huenda usitoboe marumaru hata moja, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Shida kubwa ya ukuta wako hakuna aliyekutajia. Marumaru zako zinaishia sentimita 120. Kioo kikisimamishwa wima juu ya sinki, kitaanzia kama sentimita 105 na kwenda hadi 195. Sehemu ya chini italala juu ya marumaru, na kilichobaki kitakuwa mbele ya plasta, ambayo iko nyuma zaidi kwa unene wa marumaru na gundi yake, kama sentimita moja. Chini kimegusa, juu kina uwazi. Fundi akija na vishikio vya juu akavikaza hadi vibane, kioo kinapinda. Kioo hakipendi kupindwa. Kinaweza kukaa kimya wiki nzima kisha kikapasuka chenyewe usiku, na watu wakaanza kutafuta mchawi.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kupandisha marumaru hadi juu, ukuta wote uwe sawa. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa bafu linalorushiwa maji, na ndiyo ya gharama kuliko zote. Kama mlikuwa na mpango huo, subirini kioo hadi kazi hiyo ikamilike. Ya pili ni kufunga plaiwudi ngumu isiyoogopa maji kwenye ile sehemu ya plasta, yenye unene uleule wa tofauti, na kuipaka rangi ya mafuta pande zote, hasa kwenye kingo zilizokatwa, kisha kioo kikae juu ya vyote viwili. Inafanya kazi, ila mbao bafuni inabaki kuwa mbao bafuni, utaikagua kila mwaka.

Ya tatu ndiyo ningeichagua kwangu: kilaze kioo. Kiwe na upana wa 90 na kimo cha 60. Kianze sentimita moja au mbili juu ya mwisho wa marumaru, kiishie kama sentimita 182. Katikati yake inaangukia sentimita 152, karibu na macho ya mtu mzima wa kimo cha kawaida. Kioo chote kinakaa mbele ya plasta, hakuna ngazi, hakuna marumaru ya kutoboa. Unachopoteza ni kujiona hadi kiunoni, na watoto watahitaji kigoda. Pima tu kama ukuta una nafasi ya sentimita 90 bila kugongana na mlango au swichi.

Kabla ya kutoboa, fikiria kilichomo ukutani. Waya wa ile taa umeshuka kutoka juu ndani ya plasta, kwa kawaida wima, kwa hiyo usiweke kishikio cha juu kwenye mstari wa taa. Hivyohivyo kwa kila swichi na soketi: usitoboe juu yake wala chini yake kwa mstari ulionyooka. Tazama pia bomba na bafu la manyunyu zimekaa wapi, ukisie mabomba yanapita njia gani, na kama nyumba ina picha zilizopigwa kabla ya plasta, huu ndio wakati wa kuzitafuta kwenye simu. Zima swichi ya umeme wa bafuni tu kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba, chukua umeme wa drili chumba kingine.

Kwa lile tegemeo la chini, nenda kwa fundi aluminiamu umwombe kipande cha mfereji wenye umbo la U, urefu wa sentimita 88 hivi, uwazi wake uzidi unene wa kioo kwa milimita tatu. Mara nyingi wanavyo vipande vilivyobaki. Mwambie akutobolee matundu ya skrubu mgongoni, kila sentimita 25 au 30, na matundu madogo mawili matatu chini ya mfereji. Haya ya chini wengi huyasahau. Maji yakidondokea kioo yanashuka kwenye mfereji, na yasipopata pa kutokea yanakaa yakiloweka ukingo wa kioo hadi uwe mweusi.

Funga mfereji kwa pimamaji. Vichwa vya skrubu viwe bapa vizame, visiguse kioo. Kisha, kabla kioo hakijakaribia ukuta, fanya jaribio hili: jaza maji lita 10 kwenye ndoo, ifunge kwa kamba nene, uining'inize kwenye mfereji, kwanza mwisho mmoja kisha mwingine, uiache nusu saa kila upande. Hizo ni kilo 10, zaidi ya uzito wa kioo chako. Mfereji ukilegea hata kidogo, umegundua kwa hasara ya maji tu.

Weka vipande viwili vya mpira ndani ya mfereji, kila kimoja robo ya urefu kutoka mwisho, ili kioo kikae juu ya mpira na si juu ya chuma. Juu weka vishikio viwili vyenye mpira ndani, navyo robo kutoka kila upande, na uache milimita mbili kati ya kishikio na ukingo wa juu. Skrubu za vishikio zikaze kwa mkono, kwa bisibisi, hadi kioo kisicheze, basi. Nimewahi kuona mtu akikaza kwa drili "ili iwe imara", mlio wake hausahauliki. Ukuta nao haujanyooka: weka ubao mrefu ulionyooka uone. Kama kuna kinundu, kikwangue, usitegemee kioo kikifuate.

Ukipenda silikoni, kwangua rangi na skimu kwenye mistari ya wima tu hadi plasta ngumu, ondoa mabaki yote ya silikoni ya zamani kwa wembe kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu, futa vumbi, kisha piga mistari mitatu ya wima mgongoni mwa kioo. Wima, ili maji na hewa vipite. Usizungushie silikoni kingo zote nne, utafungia unyevu ndani. Watu wasioge bafuni humo kwa siku nzima.

Na kwa kuwa una watoto, kabla ya kukifunga kipeleke kwa watu wa vioo au wa tinti za magari ukawaulize kama wanayo plastiki ya usalama ya kubandika mgongoni. Kioo kikivunjika, vipande vinabaki vimeshikana nayo. Kama utaiweka, silikoni itakuwa inashika plastiki na si kioo, sababu nyingine ya kutoitegemea kubeba uzito.

Kuhusu madoa: kwa silikoni sahihi hutayaona yale ya duara. Weusi wa kwenye kingo ni habari nyingine, unatoka kwa unyevu, chumvi ya bahari, na dawa za kusafishia zenye klorini au amonia. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye kioo, maana inatiririka hadi chini na kunyonywa nyuma. Lowesha kitambaa, kamua, futa, kisha kausha ukingo wa chini. Hata ukifanya yote haya, kioo cha bafuni karibu na bahari kitazeeka mapema kuliko cha sebuleni.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, mtu aje aone kwa macho. Ukikwangua plasta kwa ufunguo na mchanga ukaendelea kumwagika, au ukuta ukiwa na maji na chumvi nyeupe inayochanua, mwite fundi ujenzi kwanza, kioo baadaye. Kama ukuta ni wa jipsamu au mbao, fisha hizi hazifai na unahitaji kufikia fremu iliyo ndani. Kioo kinachozidi mita moja ya mraba si kazi ya mtu na mkewe siku ya Jumapili, kibebwe na watu wa vioo wenye glavu. Na kama hujui waya wa taa umepita wapi, fundi umeme mwenye kifaa cha kutafutia nyaya atakuonyesha kwa muda mfupi.

Mwezi mmoja baada ya kufunga, weka kiganja kwenye kona ya juu ya kioo ukisukume taratibu. Kikigonga ukutani, kaza kishikio robo mzunguko. Mfereji ukionekana umeshuka upande mmoja, kishushe kioo kabla ya kugusa skrubu yoyote.